Ukiumia Dubai, Usingoje Upone Ndipo Udai

Alhamisi ya tarehe 6 Juni 2019, siku za Idi zikiwa zinayoyoma, basi la kampuni ya Mwasalat lilikuwa likitoka Muscat kuingia Dubai. Waswahili wa Oman wanaijua vizuri njia hiyo: mtu huvuka kwenda kula sikukuu kwa jamaa, kisha akarudi kazini. Jioni ile dereva alikata kuelekea kituo cha metro cha Rashidiya, kwenye barabara isiyoruhusu mabasi, na basi likajigonga kwenye chuma kilichowekwa kuzuia magari marefu. Watu 17 walipoteza maisha.

Mwezi uliofuata mahakama ya trafiki ya Dubai ilimhukumu dereva kifungo cha miaka 7 na kuamuru diya ya dirham milioni 3.4 kwa familia za marehemu, yaani dirham 200,000 kwa kila roho. Wengi waliosikia walidhani mambo yameishia hapo. Lakini miongoni mwa walionusurika alikuwamo mwanafunzi wa miaka 20 kutoka India, ambaye ubongo wake ulidhurika kwa kudumu. Madai yake yalipita kwanza katika mfumo wa migogoro ya bima, ambako aliamuliwa dirham milioni 1. Hakukubali. Shauri likaenda mahakamani, na kiasi kikapanda hadi dirham milioni 5. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2023, karibu miaka minne baada ya ajali.

Ndugu msomaji, iangalie vizuri hiyo miaka minne. Sheria ya huko humpa majeruhi miaka mitatu, naye alipata hukumu yake baada ya miaka hiyo kupita. Hakuna ajabu, kwa kuwa sheria huangalia siku uliyofungua madai, haiangalii siku utakayolipwa. Kesi inaweza kwenda polepole kadiri itakavyo. Wewe hupaswi kwenda polepole kuianza.

Naandika haya kwa ajili ya mlinzi kutoka Mombasa anayelala kempu ya Al Quoz, kijana wa Kampala anayepeleka chakula kwa pikipiki, dada wa kazi za nyumbani kutoka Tanga, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeshuka Deira kwa viza ya matembezi, na familia zao. Watu wetu wakiumia ugenini husubiri. Husubiri mfupa uunge, kafili arudi safarini, bima ipige simu. Tumelelewa kuamini kwamba subira huvuta heri, na katika maradhi ni kweli. Katika madai, subira humsaidia anayedaiwa.

Miaka mitatu inaanza lini?

Msingi wa fidia katika Falme za Kiarabu uliwekwa na Sheria ya Miamala ya Kiraia, Namba 5 ya mwaka 1985, ambayo nafasi yake inachukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2025 kuanzia Juni 2026. Kifungu cha 282 cha sheria hiyo ya 1985 kinasema kwamba anayemdhuru mwenzake atawajibika kufidia. Kifungu cha 298 kinaweka ukomo: madai ya fidia hayasikilizwi baada ya miaka mitatu tangu siku aliyedhurika alipojua mambo mawili, yaani kwamba amedhurika, na nani anawajibika kwa madhara hayo. Yote mawili yanahitajika. Aliyegongwa na gari lililokimbia anajua fika kwamba ameumia, lakini kama dereva hajapatikana, la pili bado halijatimia. Mgonjwa aliyesahauliwa pamba tumboni wakati wa upasuaji, akaja kugundua baada ya mwaka mzima kwa kipimo cha hospitali nyingine, ana sababu ya kuhesabu kuanzia ugunduzi huo.

Juu ya hapo sheria hiyo imeweka dari: ikishapita miaka 15 tangu siku ya tukio, madai hayasikilizwi tena, ujue usijue.

Mtu wa Kenya au Tanzania atasema hayo si mageni kwake. Kweli, kwa Sheria ya Ukomo ya Kenya, Sura ya 22, na ile ya Tanzania Bara, Sura ya 89, madai ya madhara ya namna hii nayo yana miaka mitatu. Kufanana huko kusikupumbaze. Kanuni za lini muda unaanza, nini kinaukata na wapi pa kwenda kwanza ni za Dubai, wala wakili wako wa Mwanza hawezi kuzikisia.

Jambo jingine kwa wenzetu wa pwani wanaozoea kuhesabu kwa miezi ya Kiislamu: muda wa kisheria huko huhesabiwa kwa kalenda ya miladia, isipokuwa sheria iseme vingine. Ajali ya tarehe 10 Machi 2025 usiiwekee Ramadhani kuwa alama. Iandikie tarehe 10 Machi 2028, halafu jiwekee mwisho wako binafsi mwaka mzima kabla ya hapo.

Kesi ya polisi na madai yako ni vitu viwili

Ajali ikitokea Dubai, polisi wanakuja, wanapima, wanaandika ripoti na kueleza nani ana kosa. Pakiwa na majeruhi au kifo, jalada linaweza kwenda kwa mwendesha mashtaka, na dereva akashtakiwa kwa jinai. Hapo ndipo familia nyingi zinapopumzika. Wanasema, "Serikali imeshaishika kesi."

Serikali imeshika kesi yake. Imemshtaki mkosaji kwa kuvunja sheria ya nchi. Gharama za hospitali, mshahara ulioukosa, mguu usiokunjika tena na maumivu uliyoyapitia ni madai yako wewe, na lazima uyapeleke mwenyewe au kupitia wakili. Diya nayo ni malipo ya roho kwa kifo cha bahati mbaya. Majeruhi aliyebaki hai asidhani kuna mtu atamhesabia fidia bila yeye kuiomba.

Hata hivyo kesi ya jinai ina faida kubwa. Ikithibitisha kosa la dereva, huna haja ya kulithibitisha upya. Shughuli inayobaki ni kuonyesha kiasi cha madhara. Na kwa mujibu wa kifungu hicho hicho cha 298 cha sheria ya 1985, kama madai yametokana na kosa la jinai na kesi ya jinai bado inaweza kusikilizwa hata baada ya miaka mitatu, mlango wa fidia haufungwi kabla ya mlango huo wa jinai. Ndiyo maana mawakili wa Dubai hupenda kuhesabu miaka mitatu tangu hukumu ya jinai ilipokuwa ya mwisho. Iwe faraja kwa aliyechelewa. Wewe ambaye hujachelewa, hesabu tangu siku ya ajali, na hakuna atakayekubishia.

Ukiumia kazini, saa ni nyingine

Aliyeanguka kutoka jukwaani kwenye jengo au kubanwa na mashine ana njia ya pili. Sheria ya kazi, Namba 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, inamtaka mwajiri agharimie matibabu hadi mfanyakazi apone au ulemavu uthibitike. Pia amlipe mshahara kamili katika muda wa matibabu usiozidi miezi 6, na nusu mshahara kwa miezi 6 mingine akiwa bado hajapona. Kwa kifo, familia hulipwa mshahara wa msingi wa miezi 24, usiopungua dirham 18,000 na usiozidi 200,000. Ulemavu wa kudumu hulipwa kwa kiwango chake.

Tazama neno "msingi" katika mkataba. Mlinzi anayepokea dirham 1,800 kwa mwezi anaweza kukuta mkataba umeandika 1,000 za msingi na 800 za posho. Hesabu ya miezi 24 kwake ni dirham 24,000, si 43,200. Hili ni mojawapo ya mambo yanayofanya njia ya kwanza, ya madai ya kiraia dhidi ya aliyesababisha madhara, isisahauliwe pale ambapo kuna uzembe.

Muda wa madai ya kazi ulikuwa mwaka mmoja. Marekebisho ya mwaka 2024, yaliyoanza tarehe 31 Agosti mwaka huo, yameufanya uwe miaka miwili tangu ajira kwisha. Malalamiko huanzia wizara ya kazi, ile ambayo watu wote huiita MOHRE. Mfanyakazi ambaye madai yake hayazidi dirham 100,000 hatozwi ada ya mahakama, kwa hiyo umaskini usikuzuie.

Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao, Namba 9 ya mwaka 2022, na eneo huru la kifedha la DIFC lina sheria yake ya ajira na mahakama zake. Dada wa nyumbani asichukue miaka miwili ya mwenzake wa kiwandani akajipa. Aulize wizara mapema muda wake ni upi.

Na tafadhali ripoti ajali ya kazini siku hiyo hiyo, hata kama msimamizi anakubembeleza iandikwe kuwa uliteleza bafuni. Sheria humnyima fidia aliyejidhuru kwa makusudi, aliyekuwa amelewa, au aliyekiuka kwa kukusudia maagizo ya usalama yaliyobandikwa. Ripoti ya mwanzo ndiyo itakayoonyesha kwamba wewe hukuwa hivyo.

Bima na hospitali zina mlango wa kupitia kwanza

Mgogoro na kampuni ya bima hauanzi mahakamani. Unapelekwa kwanza Sanadak, kitengo kilichoundwa chini ya Benki Kuu kushughulikia malalamiko ya wateja wa benki na bima. Madai yatokanayo na mkataba wa bima nayo yana miaka mitatu chini ya sheria ile ya 1985.

Madai ya uzembe wa daktari yana njia yake pia. Kwa sheria ya dhima ya kitabibu, Namba 4 ya mwaka 2016 na marekebisho yake, malalamiko hufikishwa kwa mamlaka ya afya, ambayo kwa Dubai ni Dubai Health Authority, na kamati ya wataalamu huamua kama kosa limetendeka. Kamati ina mafaili mengi na haitakimbizana na kalenda yako. Kwa hiyo kubisha hodi mwezi wa mwisho ni kujitafutia balaa.

Kisha kuna tarehe fupi ndani ya tarehe ndefu. Hukumu ya mahakama ya mwanzo katika shauri la madai hukatiwa rufaa ndani ya siku 30. Unaweza kuwahi miaka mitatu yote, ukashinda nusu, halafu ukapoteza nusu nyingine kwa kulala siku 31.

Kinachosimamisha muda na kisichousimamisha

Hapa ndipo wengi wanapoumia mara ya pili. Majeruhi ana ujumbe thelathini wa WhatsApp kutoka kwa ofisa wa kampuni: "Tunalishughulikia, kaka." "Bima wanasubiri ripoti." "Wiki ijayo inshallah." Anaamini kwamba mazungumzo yanaendelea, na kwa hiyo haki yake iko salama.

Chini ya sheria ya 1985, kinachoukata muda ni madai yaliyofikishwa mahakamani au hatua ya kimahakama, na pia mdaiwa kukiri kwamba anadaiwa. Maneno ya kukupoza moyo si kukiri. Ahadi ni deni kwa muungwana, lakini jaji anataka karatasi yenye tarehe na muhuri. Ukitaka kuzungumza na bima, zungumza, na huku faili limeshafunguliwa. Mazungumzo yenye kesi nyuma yake huwa na adabu zaidi.

Sheria hiyo inautambua pia udhuru halali unaoweza kusimamisha muda, kama hali iliyomzuia mtu kabisa kudai. Usiutegemee. Huo ni utetezi wa kuokoa lililokwisha kuharibika.

Elewa pia kwamba jaji hakatai kesi kwa kuchelewa mpaka mdaiwa aliombe jambo hilo. Lakini mdaiwa wako akiwa kampuni ya bima, hilo ndilo swali la kwanza mawakili wake watakalolichunguza. Hawatasahau.

Jihadhari na karatasi za kusaini. Mfanyakazi anayeondoka hupewa hati ya kumalizana, mara nyingi kwa Kiarabu, inayosema amepokea haki zake zote. Familia ya marehemu nayo huombwa kusamehe, na kusamehe ni jambo jema mbele ya Mungu. Lakini soma msamaha huo unasema nini: unamsamehe dereva asifungwe, au unafuta na fidia ya watoto? Usisaini usichokisoma. Omba tafsiri kwanza, hata kama ndege inaondoka usiku huo.

Ukisharudi nyumbani

Kufutwa kwa viza hakufuti madai. Aliyeumia akiwa mtalii, mwajiriwa au mpita njia anaweza kuendelea na shauri akiwa Arusha au Goma, kupitia wakili mwenye hati ya uwakala.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: hati hiyo isaini Dubai kabla hujapanda ndege, mbele ya mthibitishaji wa umma wa huko. Ukiisubiri nyumbani, itabidi ithibitishwe na mwanasheria wa kwenu, ipite wizara ya mambo ya nje, igongwe muhuri na ubalozi wa Falme za Kiarabu Nairobi au Dar es Salaam, ikathibitishwe tena na wizara ya mambo ya nje ya kule, na itafsiriwe Kiarabu na mfasiri aliyesajiliwa. Mihuri hiyo yote hula majuma, nayo miaka mitatu haisimami ikakungoja.

Katika hati hiyo, angalia madaraka unayotoa. Kumpa wakili ruhusa ya kukuwakilisha mahakamani ni jambo moja. Kumpa ruhusa ya kusuluhisha kwa kiasi chochote na kupokea fedha kwa niaba yako ni jambo jingine kabisa. Wapo madalali wanaozungukia wodi wakiwa na fomu mkononi. Kabla ya kumpa mtu yeyote saini yako, hakikisha ni wakili mwenye leseni, na mwambie aandike ada yake.

Familia ya marehemu inahitaji pia hati ya warithi kutoka mahakama ya nyumbani, iwe ya kadhi au ya kawaida, nayo hupita mihuri ile ile. Msiache hadi arobaini ipite ndipo muulize. Mmoja katika familia apewe kazi hiyo tangu juma la kwanza, wengine washughulikie maziko.

Mambo ya kufanya, kwa mpangilio

Siku ya ajali, piga 999 kwa polisi au 998 kwa gari la wagonjwa. Andika namba ya ripoti, namba za magari, na simu za walioshuhudia. Kama huwezi kushika simu, mwombe mwenzako akupigie picha za mahali na za majeraha.

Juma la kwanza, fungua bahasha moja ya plastiki. Weka humo nakala ya pasipoti, viza na kitambulisho cha Emirates, ripoti ya polisi, kila karatasi ya hospitali na kila risiti, hata ya teksi ya kwenda kliniki. Ongeza mkataba na taarifa za mshahara za miezi michache iliyopita. Piga picha zote na umtumie mtu nyumbani, kwa sababu simu huvunjika na kempu huhamishwa.

Mwezi wa kwanza, waarifu ubalozi mdogo wa nchi yako na utafute ushauri wa wakili. Muulize maswali manne: muda wangu unaanza siku gani, unaisha siku gani, nianzie mlango upi, na tukio langu linatawaliwa na sheria ya mwaka gani? Swali la mwisho ni muhimu sana, maana sheria za nchi hiyo hurekebishwa mara kwa mara, kama tulivyoona mwaka mmoja wa madai ya kazi ukigeuka miwili. Majibu yaandikwe.

Daktari anaposema umefikia hali ya kutobadilika, omba ripoti inayotaja kiwango cha ulemavu kwa asilimia. Mahakama huweza kumteua daktari wake akupime, na kiwango hicho ndicho hupewa uzito mkubwa katika kukadiria fidia. Lakini usikisubiri kiwango hicho ndipo umtafute wakili. Faili linaweza kutayarishwa wakati mguu ungali kwenye plasta.

Fidia haiwezi kumrudishia mtu mkono wala kumfufua aliyekufa. Lakini inalipa karo ya watoto, inanunua mguu wa bandia, inamwezesha aliyekuwa akituma pesa nyumbani kila mwezi asigeuke mzigo kwa mama yake. Haki hiyo imeandikwa katika sheria za nchi uliyoifanyia kazi kwa jasho lako, na haikuulizi kabila wala pasipoti. Inakuuliza tarehe tu. Kama kuna mtu wako aliyeumia huko, mpigie leo umuulize aliumia lini, na usikate simu mpaka akutajie siku, mwezi na mwaka.